Pumzi moja, picha mbili

Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, mwezi Februari, Sinza. Kiyoyozi kilinyamaza kwanza, feni ikafuata, na chumba kikabaki na mlio mwembamba wa inverta. Mezani kazi iliendelea kwa betri: osiloskopu inayochora ishara za umeme, kompyuta, na kiboksi cheusi chenye fuwele mbili zinazotazamana. Baada ya dakika ishirini hivi binti ninayefanya naye kazi, ambaye nilimfundisha matengenezo ya vifaa tiba miaka minne iliyopita, akaniita bila kugeuza uso.

"Mwalimu, kilele kinahama."

Nikavuta kiti. Kweli kilikuwa kinahama. Kwenye grafu ya kompyuta kile kilima kidogo kinachoonyesha nguvu ya miako ya fuwele, kilichotulia kutwa nzima, kilikuwa kinateleza kuelekea kushoto, taratibu, kama ngalawa iliyokatika nanga. Kipimajoto kilichomo ndani ya kiboksi kilisoma nyuzi 31; kabla ya umeme kukatika kilisoma 24. Hatukugusa kitu. Tulikaa tukaandika namba kila baada ya dakika mbili mpaka taa ziliporudi. Ukurasa ule wa daftari ndio ulionisukuma kuandika haya, maana watu waliojenga mashine ninayotaka kuieleza walipambana na jambo hilohilo, wao wakiwa ndani ya sumaku, sentimita chache kutoka kwa panya aliyelazwa usingizi.

Mashine yenyewe ni PET na MRI zilizofanywa kuwa kitu kimoja kwa ajili ya wanyama wadogo wa maabara. MRI wakazi wengi wa Dar wanaifahamu, kama si kwa kuingia basi kwa kumsindikiza ndugu: lile tundu refu linalogonga kama fundi bati. Hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio kuchora umbo la ndani ya mwili, nyama kwa nyama, bila mionzi. PET haichori umbo. Mgonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, mara nyingi sukari iliyofungwa na florini-18, kisha mashine hutazama sukari hiyo inaliwa wapi. Seli za saratani nyingi zina njaa ya sukari, hivyo hung'aa. Kwa maneno mengine, MRI inakuonyesha nyumba, na PET inakuonyesha ni chumba gani jiko linawaka.

Nimeshaulizwa na jirani, na kwa haki kabisa, mtu wa Sinza anatafuta nini katika skana ya panya. Jibu langu ni mama yangu mdogo.

Mwaka 2019 aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa MRI hapa Dar es Salaam. Familia ikachanga, akaenda India, na huko akapigwa PET. Kati ya picha ya kwanza na ya pili zilipita wiki tano. Aliporudi, daktari wake aliziweka zote mbili kwenye skrini, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake kama ndugu, ingawa macho yangu yalikuwa ya fundi. Kwenye PET palikuwa na doa moja linalong'aa pembeni ya nyonga. Kwenye MRI, mahali pale palikuwa na kipande cha utumbo. Ile sukari yenye mionzi hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, kwa hiyo doa lingeweza kuwa mkojo tu ndani ya mrija unaoshuka kutoka kwenye figo. Lingeweza pia kuwa tezi ambayo saratani imeshaifikia. Siku moja kibofu kilikuwa kimejaa, siku nyingine kilikuwa kitupu, na kibofu kikijaa husukuma mji wa mimba na kila kilicho jirani yake. Picha ya India ilikuja na CT yake, yaani picha za eksirei za kuonyesha umbo, lakini CT haitofautishi vizuri nyama laini za nyonga. Daktari yule alikuwa mkweli. Alisema, "Hapa nina mashahidi wawili, kila mmoja alikuwepo siku yake." Wakaamua kupanua eneo la kupiga mionzi kwa tahadhari. Mama mdogo alipona. Tumbo lake halijawahi kurudi kama zamani, na sitaacha kujiuliza kama eneo lile lilikuwa na ulazima wa kupanuliwa.

Tangu siku hiyo neno ninalolifuatilia katika fani hii ni moja: wakati. Kuunganisha picha mbili kwa kompyuta baada ya safari si kazi ngumu. Kazi ni kuzipata katika pumzi moja, mwili ukiwa palepale, damu ikiwa ileile. Na uwezo huo, kabla haujafika kwa binadamu, ulijengwa kwa miaka mingi juu ya panya.

Nianze na kile kilichofanya jambo hili lionekane haliwezekani. Dawa yenye mionzi hutoa positroni, chembe pacha ya elektroni yenye chaji kinyume. Positroni husafiri kidogo ndani ya nyama, ikakutana na elektroni, zote zikatoweka, na mahali pake zikatoka fotoni mbili za gama, kila moja na nguvu ya kilo-elektrovolti 511, zikikimbia kuelekea pande mbili zinazokaribia kabisa kuwa kinyume. Mnyama amezungukwa na pete ya fuwele, ambazo hutoa mwako wa mwanga zikigongwa na gama. Fuwele mbili za pande tofauti zikiwaka kwa wakati mmoja, ndani ya nanosekunde chache, unajua kwamba tukio lilitokea mahali fulani kwenye mstari unaoziunganisha. Kusanya mamilioni ya mistari kama hiyo, utapata picha. Kwa hiyo hata kabla ya kuolewa na MRI, PET yenyewe imesimama juu ya swali la wakati: je, hizi mbili zimeona pamoja?

Mwako wa fuwele ni hafifu mno, na kwa miaka mingi uliongezwa nguvu kwa mirija ya fotomaltiplaya. Huu ni mrija wa kioo usio na hewa. Mwanga ukigonga uso wake, hutoa elektroni. Elektroni hiyo inavutwa na umeme mpaka kwenye kibati cha kwanza, inatoa kadhaa, hizo zinagonga kibati cha pili, na kuendelea, mpaka elektroni moja inakuwa milioni. Ni kifaa kizuri sana. Lakini elektroni inayoruka kwenye ombwe hupindishwa na sumaku yoyote iliyo karibu, na MRI ni sumaku.

Mezani kwetu tunao mrija mmoja, uliotolewa kwenye gama kamera iliyokufa, kamera ya hospitali ya kupiga picha kwa mionzi. Tuliubandikia fuwele iliyozungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo hurudisha mwanga vizuri kushinda vitu vingi vya gharama. Halafu binti akasogeza sumaku ya spika ya zamani. Ikiwa bado mbali, umbali wa mkono mzima, ishara kwenye osiloskopu zilianza kunywea. Alipofika nusu ya umbali huo, zilikuwa zimeisha. Sumaku ya spika! MRI ya utafiti wa wanyama hutumia Tesla 7 au 9.4 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), zaidi ya mara laki moja ya uga wa dunia unaogeuza dira.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa tayari na mtu aliyetaka PET iingie ndani ya sumaku, kwa sababu tofauti kabisa. Bruce Hammer alipendekeza kwamba uga mkali ungeizuia positroni isitangetange kabla ya kutoweka. Positroni ya florini-18 hutembea kwa wastani zaidi kidogo ya nusu milimita. Ya galiamu-68, chanzo kingine cha positroni, huenda mbali zaidi. Ndani ya uga wa sumaku njia yake hujikunja kama chemchemi, ikabanwa kwa upana lakini si kwa urefu wa uga. Faida kwa florini ni ndogo. Ila wazo hilo liliwafanya watu waanze kuuliza namna ya kuingia.

Waliopata mlango wa kwanza walikuwa Simon Cherry na Yiping Shao wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, pamoja na Paul Marsden wa London. Mwaka 1997 walitangaza matokeo yao. Waliziacha fuwele ndani ya sumaku na kuitoa mirija nje, kisha wakauchukua mwanga kutoka huku hadi kule kwa nyuzi za kupitisha mwanga zenye urefu wa mita kadhaa. Sisi tuliozoea kusikia habari za Mkongo wa Taifa wa mawasiliano tunaelewa haraka: mwanga haujali sumaku, usafirishe mpaka mahali salama, ndipo uugeuze kuwa umeme. Bei yake ilikuwa kubwa. Mwanga mwingi ulipotea njiani, na kwa kuwa kila fuwele ilidai uzi wake, pete ilikuwa nyembamba na iliona kipande kimoja tu cha mnyama. Naona hatua hii haipewi heshima inayostahili. Wanaosimulia historia hii hukimbilia vigunduzi vya silikoni vilivyokuja baadaye, kana kwamba nyuzi zilikuwa kosa la kupita. Nyuzi zilithibitisha jambo ambalo hakuna hoja ingeweza kulithibitisha: kwamba picha mbili zinaweza kupigwa kwa wakati mmoja bila moja kuiua nyingine.

Wengine walijaribu kuihamisha sumaku yenyewe. Cambridge walitengeneza sumaku ya Tesla 1 iliyopasuliwa katikati, ikiachwa nafasi ya milimita 80, na PET ikakaa kwenye ufa huo. Tübingen, Ujerumani, kikundi cha Bernd Pichler kilichagua kuacha kabisa mirija. Walitumia daiodi za avalanshi, vipande vya silikoni ambavyo elektroni zake hazina nafasi ya kuruka na kupindishwa, na mwaka 2006 walionyesha kigunduzi chao kikifanya kazi ndani ya sumaku ya Tesla 7. Mwaka 2008 kikundi hicho na kile cha Davis, California, alikokuwa amehamia Cherry, vilichapisha picha za panya hai zilizopigwa na mashine mbili kwa pamoja. Mwaka 2010 ikaja mashine ya mwili mzima wa binadamu iliyotumia daiodi za aina hiyohiyo. Kutoka pete ya panya mpaka kitanda cha mgonjwa ni miaka 13.

Panya amekuwa mwalimu mkali kwa sababu ya udogo wake. Panya mdogo wa maabara ana gramu 25 hivi. Mtu mzima tuseme kilo 70. Gawanya: mara 2,800. Ukitaka kumwona panya kwa undani uleule unaomwonea mtu, kila upande wa picha unapaswa kuwa mdogo mara 14 hivi. PET ya hospitali hutofautisha vitu vya milimita 4 au 5. Kwa panya ungehitaji theluthi ya milimita, na hapo fizikia yenyewe inakukatalia, maana positroni imeshatembea zaidi ya hapo kabla hujaiona. Mashine nzuri za wanyama zimefika karibu na milimita moja. Moyo wa panya hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika. Damu yake yote haizidi mililita 2, kwa hiyo huwezi kumwongezea dawa ili ang'ae zaidi. Sindano yenyewe ni matone machache.

Na pete inapaswa kutosha ndani ya tundu la sumaku, pamoja na koili ya redio, pamoja na kitanda. Kwa hiyo inabanwa mpaka sentimita chache. Pete ndogo ina uzuri wake: fotoni nyingi zaidi zinanaswa, na ule mpindo mdogo wa fotoni mbili zisizokuwa kinyume kamili hauna umbali wa kukua na kuwa kosa kubwa. Ubaya wake ni kwamba fuwele zinabidi ziwe ndefu ili kuikamata gama, na fotoni inayotoka pembeni ya mnyama huingia kwa mshazari, ikapenya fuwele ya kwanza bila kuwaka, ikawaka kwenye ya jirani. Mashine inachora mstari mahali pasipo. Dawa ni kujua mwako ulitokea kina gani: wengine husoma mwanga kwenye ncha zote mbili za fuwele, wengine hupanga tabaka mbili za fuwele zilizopishana kama matofali. Nimetumia usiku mwingi kuchora pete kwenye karatasi ili nilielewe hili, na bado huwa narudia.

Hapa Tanzania ukitaja panya na utafiti, watu huwaza Morogoro, na wana haki ya kujivunia. Wale panya buku waliofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine hunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Lakini panya buku mzima ana kilo moja na zaidi. Kichwa chake tu kingejaza pete ninayoizungumzia.

Tatizo la mirija lilipotatuliwa, yalijitokeza mengine ambayo mirija ilikuwa imeyaficha. Ukiweka vifaa vya elektroniki ndani ya MRI, unaweka wazungumzaji ndani ya chumba cha msikilizaji. MRI hupiga wimbi la redio, kisha husikiliza mwangwi dhaifu wa haidrojeni ya mwilini. Kwenye Tesla 7 mwangwi huo uko karibu megahezi 300. Saketi za PET nazo zina saa zinazogonga mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila kugonga kuna vizidishio vyake, yaani mawimbi ya kasi mara mbili, mara tatu na kuendelea, vinavyotapakaa hewani. Aliyewahi kukaa mbele kwenye daladala anaujua ule mkwaruzo wa spika, ti-ti-ti-tit, sekunde mbili kabla simu ya dereva haijaita. Simu haijagusa redio, lakini imeingia kwenye muziki. Mkwaruzo kama huo kwenye MRI huonekana kama mistari myeupe iliyokatisha ubongo wa panya. Na upande wa pili wimbi la redio la MRI ni zito kiasi cha kuifanya PET ihesabu matukio ambayo hayapo.

Mtu husema: basi funika vigunduzi kwa shaba. Ndivyo ilivyofanyika, na ndipo lilipozuka jingine. Fundi viyoyozi wa mtaani kwetu alinipa kipande cha bomba la shaba, urefu wa nusu mita. Shaba haivutwi na sumaku. Lakini dondosha sumaku ndogo ya diski ya kompyuta ndani ya bomba hilo, uone: haidondoki, inashuka polepole kama inazama kwenye asali. Sumaku inayosogea huzalisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya shaba, na mikondo hiyo inajenga uga wake wa kupinga. Ndani ya MRI kuna koili za gradienti zinazobadilisha uga maelfu ya mara kwa sekunde, ndizo zinazogonga. Kila zinapobadilika, shaba iliyofunika PET inazalisha mikondo, picha inapinda, na shaba inapata moto. Kwa hiyo kifuniko kinatakiwa kizuie mawimbi ya megahezi 300 na wakati huohuo kiyaruhusu mabadiliko ya kilohezi chache kupita kana kwamba hakipo. Wahandisi walitumia shaba nyembamba kuliko karatasi, wakaikata mianya ili mikondo ikose pa kuzungukia, wengine wakaenda kwenye nyuzi za kaboni. Saa za saketi zikachaguliwa ili vizidishio vyake visiangukie kwenye masikio ya MRI.

Na kuna jambo dogo ambalo binti ndiye aliyelifuatilia mpaka mwisho. Vipengele vya kawaida vya elektroniki, vipinzani na kapasita vinavyouzwa Kariakoo na kwingineko duniani, mara nyingi vina nikeli kwenye ncha zake, na nikeli huvutwa na sumaku. Kipande cha ukubwa wa mbegu ya ufuta kinatosha kuharibu uga mahali ambapo unataka kupiga picha. Alifunga sumaku ndogo kwenye uzi, akaining'iniza, akapitisha kila kipengele tulichonacho, kimoja kimoja. Zaidi ya nusu viliuvuta uzi. Tulikuwa tumeshalehemu bodi nzima. Tukaanza upya.

Sasa nirudi kwenye jioni ya kilele kinachohama.

Fuwele zetu ni za LYSO, aina ileile iliyomo kwenye mashine za kweli. Zinaonekana kama vipande vya barafu, lakini ukizishika mkononi unashtuka, zinakaribia uzito wa chuma. Zina metali iitwayo lutetiamu, na sehemu ndogo ya lutetiamu ya asili, asilimia 2.6, ina mionzi yake yenyewe, ya kiwango kidogo, yenye nusu-uhai, yaani muda wa nusu yake kuisha, wa miaka bilioni 37 hivi. Kila sentimita moja ya ujazo huwaka yenyewe karibu mara 300 kwa sekunde. Kwenye kazi ya kawaida huu ni usumbufu. Kwetu ni baraka: hatuhitaji chanzo kingine cha mionzi mezani. Fuwele moja ikitoa chembe ya beta, huwaka. Gama iliyofuatana nayo, ya kilo-elektrovolti 202 au 307, ikitoroka na kuingia kwenye fuwele ya pili, nayo huwaka. Zote mbili kwa wakati mmoja. PET ya vigunduzi viwili, inayojilisha yenyewe. Mara ya kwanza saketi ilipogonga kwa pamoja, nilisimama nikatoka nje nikatembea mpaka barabarani, nikarudi.

Mwanga wa fuwele hizo husomwa na fotomaltiplaya za silikoni. Hizi ndizo zilizochukua nafasi ya daiodi za avalanshi: kipande cha milimita chache chenye vyumba vidogo maelfu, kila chumba kikisema ndiyo au hapana, na ukihesabu ndiyo zote unapata kiasi cha mwanga. Kinaongeza nguvu karibu mara milioni kama mrija wa kale, kwa volti makumi tu badala ya elfu moja. Tulisogeza sumaku ya spika mpaka ikagusa kiboksi. Ishara hazikutikisika hata kidogo.

Kinachozitikisa ni joto. Joto likipanda, volteji ambayo silikoni inaanza kuporomosha elektroni nayo hupanda. Ukiwa umeiacha volteji yako palepale, nguvu ya ukuzaji hushuka, na kilele cha nishati kinahamia kushoto. Papo hapo makelele ya giza, yaani vyumba vinavyosema ndiyo bila mwanga wowote, huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 8 hadi 10. Ndani ya MRI hakuna kukatika umeme, lakini kuna koili za gradienti zinazopasha kila kitu, na kitanda chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu panya aliye chini ya dawa ya usingizi hupoteza joto upesi na lazima atunzwe. Mtafiti anaanza picha vigunduzi vikiwa na nyuzi kadhaa, anamaliza vikiwa na nyingine, na kama hakulihesabu hilo, atadhani uvimbe umepungua kula sukari kumbe ni silikoni iliyochoka. Suluhisho ni kupitisha hewa au maji ya kupoza, na kuweka kipimajoto karibu na kila kigunduzi ili volteji ifuate joto. Binti ameshaandika programu ya kufanya hivyo. Wenzetu walio kwenye maabara zenye baridi ya kudumu wanalazimika kulitengeneza joto ili walipime. Sisi tunasubiri saa nane mchana.

Mwaka 2013 kikundi cha Tübingen kilichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo inayoeleza kwa nini jasho hili lote. Walisisimua ndevu za panya waliokuwa wamelala, na ndani ya mashine moja wakapima vitu viwili kwa pamoja: MRI ikifuatilia damu yenye oksijeni inayokimbilia sehemu ya ubongo inayofanya kazi, PET ikifuatilia sukari inayoliwa hapo. Wengi tumezoea kuchukulia kwamba damu na sukari husema jambo moja. Maeneo hayakulingana kikamilifu. Kama vipimo vingekuwa vya siku mbili tofauti, kila mtu angesema panya alikuwa na hali nyingine siku ya pili, dawa ya usingizi ilikuwa nzito zaidi, kitanda kilisogea. Kwa kuwa vilikuwa vya saa ileile, hapakuwa na pa kuikimbizia tofauti hiyo. Ilikuwa ya ubongo.

Kuna na jambo la wanyama wenyewe, ambalo nalijali na sitaki lipite kama tanbihi. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch walipoweka kanuni ya kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao na kuwapunguzia maumivu, kila chombo cha utafiti kinapaswa kuulizwa kinasaidia wapi. Zamani kujua uvimbe unaendaje kwa wiki sita kulimaanisha kuua kundi la panya kila wiki. Panya anayeweza kupigwa picha, akaamka, akarudi wiki ijayo, ni shahidi wa maisha yake mwenyewe, na kundi linapungua. Ukimpiga picha mbili kwa usingizi mmoja badala ya usingizi mara mbili, umempunguzia tena.

Habari ya heliamu nitaigusa tu. Sumaku hizi nyingi hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza heliamu nyingi bonde la Rukwa, iliyozaliwa na mionzi ya miamba ya kale na kufunguliwa na joto la Bonde la Ufa. Ninapoona maabara duniani zinahangaikia gesi hiyo, huwa nawaza Rukwa. Siku hizi zipo sumaku kavu za wanyama wadogo, zinazopozwa na mtambo wa umeme bila kuogeshwa kwenye heliamu. Zinafaa mahali pengi. Kwa mji ambao umeme unaweza kupotea jioni nzima, sumaku inayopata joto ikikosa umeme inahitaji kufikiriwa mara mbili.

Jumapili iliyopita mama mdogo alikuja kutoka Mbagala. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nimekuja kuona hao panya." Nikamwambia hapa hatuna panya, tuna macho ya mashine tu, ambayo siku moja panya angewekwa katikati yake. Binti akampa kiti karibu na dirisha, akatoa fuwele moja kwenye tepu yake, akamwekea kiganjani. Mama mdogo akaipima uzito, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Na hii ina mionzi kama ile waliyonipiga?"

"Kidogo sana mama. Unaweza kuishika kutwa."

Akatazama kiboksi kilichokuwa wazi, fuwele iliyobaki, na nafasi tupu mbele yake.

"Kwa nini mmeziweka zinaangaliana?"

"Zikiona pamoja, kwa wakati mmoja, tunajua zimeona kitu kimoja."

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza lile doa lake, la pembeni ya nyonga, lilikuwa tezi au mkojo. Nikamwambia sijui mama, na daktari hakujua, na hakuna picha itakayotuambia sasa. Akaitikia kwa kichwa, akamrudishia binti fuwele kwa mikono miwili. Binti akaizungushia tepu upya, akairudisha mahali pake, akafunika kiboksi, akawasha saketi. Tukakaa watatu kusubiri joto litulie, mama mdogo akisoma namba za kipimajoto kwa sauti kila zilipobadilika.